Maswali ya Wasomaji: Detroit, mji wenye maghorofa na njia tupu

Mwezi huu tumepokea barua ya msomaji wa Arusha aliyekaa siku nne mjini Detroit, Marekani, na baada yake maswali mengine yanayouhusu mji huohuo. Tumeyaweka pamoja.

Mhariri, salaam. Hoteli yangu ilikuwa katikati kabisa ya mji, hatua chache kutoka Woodward Avenue. Jumapili moja ya Januari, saa nne asubuhi, nilitoka kutafuta chai. Maghorofa ya mawe, mazuri ajabu. Taa za barabarani zinabadilika rangi na hakuna gari la kuzitii. Mvuke unafuka kwenye mifuniko ya chemba, treni ndogo inapita juu ya kichwa haina abiria. Kila baada ya jengo moja au mawili kuna kiwanja cha kuegesha magari, nacho kitupu. Nusu saa nzima nilikutana na watu sita. Mji uliofundisha dunia kuunda magari, watu wake wako wapi? (Msomaji, Arusha)

Tuanze kwa kutoa kile kilicholetwa na saa na msimu. Januari ya Detroit wastani wake uko chini ya sifuri, na Jumapili asubuhi ofisi zimefungwa. Ungetoka Jumanne saa saba mchana ungekuta watu. Ungetoka jioni ya mechi ungesukumana nao, maana viwanja vitatu vikubwa viko kando ya Woodward: Comerica Park (2000), Ford Field (2002) na Little Caesars Arena (2017). Mechi ikiisha, dakika arobaini baadaye kimya kinarudi. Hapo ndipo penye jambo lenyewe: katikati ya Detroit watu huja na kuondoka, wanaolala pale ni wachache. Kariakoo hujaa kwa sababu juu ya duka kuna familia, mbele ya duka kuna meza ya mwingine, na daladala inashusha mlangoni. Ukiondoa hayo matatu, hata Kariakoo ingekuwa na mwangwi.

Watu wenyewe hawakupotea. Mwaka 1950 jiji lilikuwa na wakazi 1,849,568. Sensa ya 2020 ilikuta 639,111. Ila ukihesabu jiji pamoja na miji midogo inayolizunguka, bado kuna watu zaidi ya milioni 4. Wengi walivuka tu barabara ya 8 Mile, mpaka wa kaskazini wa jiji, wakabaki wanafanya kazi na kununua vitu huko ng'ambo. Eneo la jiji, kilomita za mraba 360 hivi, halikupungua hata hatua moja. Nguo ileile, mwili umebaki theluthi.

Sasa jinsi katikati palivyotolewa utumbo. Duka la Hudson's pale Woodward lilikuwa miongoni mwa maduka makubwa kuliko yote Marekani, jengo la ghorofa zaidi ya 20. Mwaka 1954 kampuni hiyohiyo ilifungua Northland, kituo cha maduka chenye maegesho mapana nje ya mpaka wa jiji, huko Southfield. Yaani mwenye duka alijipokonya wateja mwenyewe. Aprili 1956 tramu ya mwisho ilipita Woodward, na njia iliyokuwa ikimwaga wanunuzi mlangoni ikafutika. Duka la mjini lilifungwa Januari 1983, jengo likasimama bure miaka 15, kisha tarehe 24 Oktoba 1998 likaangushwa kwa baruti. Kifusi kiliangukia njia ya ile treni uliyoiona, People Mover, kikaiharibu. Kiwanja kilikaa bila jengo juu yake karibu miaka 20 mingine, pale mahali ambapo kila mgeni lazima apite.

Vile viwanja vya magari vina hesabu yake, na tunaomba usiiruke. Gari moja lililoegeshwa hukalia kama mita za mraba 15. Ongeza njia ya kuingilia na ya kugeuzia, unafika mita za mraba 28 hadi 30. Mfanyakazi wa ofisi hutumia mita za mraba 15 hadi 20 za sakafu. Kwa hiyo kila anayekuja kazini peke yake ndani ya gari anahitaji nafasi kubwa kwa gari kuliko anayohitaji yeye. Jengo la watu 1,000 linataka hekta 3 za lami, zaidi ya viwanja vinne vya mpira, kama magari yote yatapangwa chini. Hekta hizo zinatoka wapi mjini? Zinatoka kwenye jengo la jirani. Nalo likishabomolewa, kuna sababu moja ndogo zaidi ya kwenda kwa miguu, gari jingine linaongezeka, jengo jingine linabomolewa.

Kodi nayo inasukuma upande huohuo. Kodi ya mali hutozwa kwa thamani ya ardhi pamoja na kilichojengwa juu yake. Mwenye jengo chakavu la ghorofa kumi analipia jengo, analipia bima, analipia joto ili mabomba yasigande. Akilibomoa akamwaga lami, thamani inayotozwa kodi inashuka, gharama zinabaki mlinzi na taa, na siku ya mechi bei ya kuegesha inapanda mara kadhaa. Anaweza kukaa hivyo miaka 30 akingoja kiwanja kipande bei. Kila mmoja peke yake amefanya hesabu sahihi. Ubaya ni kwamba mtaa mzima umeifanya.

Ukitaka mfano mmoja wa kuonyesha yote, nenda Bagley Street uitazame Michigan Theatre. Ilifunguliwa 1926, ukumbi wa sinema wenye viti kama 4,000, dari ya plasta iliyonakshiwa. Ilipokufa, wapangaji wa ofisi za jengo lililoungana nayo walitaka maegesho. Kuubomoa ukumbi kungehatarisha lile jengo la ofisi, basi mwaka 1977 wakatoa viti na kujenga sakafu tatu za magari ndani yake, chini ya nakshi zilezile. Na kiwanja hicho ndicho palipokuwa na kibanda ambamo Henry Ford aliunda gari lake la kwanza mwaka 1896. Hakuna mtunzi angethubutu kubuni hilo.

Kuna pia mtaro. Katikati ya Detroit pamezungushwa barabara za mwendo kasi pande tatu, nyingi zikiwa zimechimbwa chini ya usawa wa mitaa: Lodge magharibi, Fisher kaskazini, I-375 mashariki, upande wa nne ni mto. I-375, iliyofunguliwa 1964, ina urefu wa kilomita 1.7 tu, lakini ilipita juu ya Hastings Street, uti wa mgongo wa Black Bottom na Paradise Valley, mitaa ya Weusi yenye maduka, kumbi za muziki, makanisa na madaktari wake. (Jina Black Bottom lilitokana na udongo mweusi, kabla hata Weusi hawajahamia pale.) Mitaa hiyo ilikuwa umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Woodward. Ilipofutwa, wateja wa jioni na wa Jumapili walifutika nayo.

La mwisho ni majengo yanayotazama ndani. Renaissance Center, minara ya vioo kando ya mto iliyofunguliwa 1977, ilipangwa ili mtu aingie na gari, ale, anunue, alale, asiguse barabara. Ilisifiwa kuwa ndiyo itakayofufua mji. Ilichukua wapangaji wa maghorofa ya jirani, ikawafungia ndani.

Ukirudi, usihesabu maghorofa. Tembea mita 100 kandokando ya ukuta mmoja uhesabu milango unayoweza kuifungua. Penye milango kumi au zaidi utaona watu hata kwenye baridi. Penye mmoja, au ukuta wa maegesho ya ghorofa, hutaona mtu hata Julai. Jaribu kipimo hiki Capitol Park, bustani ndogo ya katikati, kisha ukijaribu nyuma ya Renaissance Center.

Wenyeji waliniambia mji uliharibiwa na ghasia za 1967. Ni kweli? (Msomaji, Dodoma)

Ghasia zilikuwepo, tena mbaya. Zilianza Julai 23, watu 43 wakafa. Lakini tarehe hazikubali ziwe chanzo. Kati ya sensa ya 1950 na ya 1960 jiji lilikuwa tayari limepoteza watu 179,424. Packard, kiwanda kilichofunguliwa 1903, kiliacha kuunda magari mwaka 1956. Viwanda vya zamani vilikuwa vya ghorofa: malighafi inapanda, kitu kinashuka hatua kwa hatua. Uundaji mpya ulitaka sakafu moja ndefu, ya chini, yenye nafasi ya malori kuzunguka, na ardhi ya namna hiyo ilikuwa nje ya jiji. Ajira zikatoka kabla ya moshi wa 1967.

Nani aliruhusiwa kuzifuata ajira hizo, hilo ni swali jingine. Mikopo ya nyumba iliyodhaminiwa na serikali ya shirikisho ilinyimwa mitaa ya Weusi. Karibu na 8 Mile bado umesimama ukuta wa zege, urefu wake kama mita 800 na kimo chake mita 1.8, uliojengwa 1941 na mwekezaji wa nyumba za Wazungu: alinyimwa dhamana ya mikopo kwa kuwa kiwanja chake kilipakana na Weusi, akajenga ukuta, akapewa. Siku hizi pande zote mbili wanaishi Weusi na sehemu ya ukuta imechorwa picha za rangi.

Ule mvuke unatoka wapi? Ni moto chini ya ardhi? (Msomaji, Kigoma)

Ni mabomba. Tangu 1903 majengo ya katikati hupashwa joto kwa mvuke unaochemshwa mahali pamoja na kusambazwa chini ya barabara. Maji ya mvua au ya theluji yakigusa bomba la moto yanageuka mvuke na kutokea kwenye mifuniko. Mara nyingine bomba lenyewe linavuja. Hadi 2019 sehemu ya mvuke huo ilitoka kwenye tanuri la kuchomea taka lililokuwa kilomita chache tu kutoka katikati. Usisimame juu ya mfuniko unaofuka, hata kama vidole vinakufa ganzi.

Mimi ni Mkongo, naishi Grand Rapids. Wageni wangu kutoka Bukavu wanataka kuiona Detroit kwa siku moja. Tuanzie wapi, na tujihadhari na nini? (Msomaji, Michigan)

Nendeni Jumamosi. Soko la Eastern Market, kaskazini-mashariki mwa katikati, siku hiyo linajaa wakulima na wanunuzi tangu asubuhi, na wageni wenu watapata kulinganisha: soko lililofurika, kisha mitaa mitupu umbali wa dakika ishirini kwa miguu. Mkichagua Jumatatu mtalikosa soko na mtakuta jumba la sanaa limefungwa.

Kutoka kwenu ni kama kilomita 250 kwa I-96, na hatari ya kwanza iko mwisho wa barabara hiyo. I-96 inaishia karibu kabisa na Daraja la Ambassador linalokwenda Kanada. Dereva anayefuata kundi la malori bila kusoma mabango hujikuta kwenye njia ya daraja, na ukishaingia huko hakuna pa kugeuzia mpaka uonane na forodha. Mwenye viza ya kuingia mara moja tu, au mkimbizi asiye na hati ya safari, anaweza kupata matatizo makubwa kurudi. Shikeni mabango ya katikati ya mji mapema, na kila mmoja awe na hati zake mfukoni.

Mkishatoka sokoni, egesheni gari mara moja tu kwa siku nzima, kwenye maegesho ya ghorofa. Someni kibao cha bei kabla ya kuvuka kizuizi, maana siku ya mechi bei ni nyingine. Viwanja vya wazi ni rahisi zaidi, ila msiache begi linaloonekana: kioo kikivunjwa, hasara ni yenu.

Pandeni People Mover kwanza. Ni njia ya juu ya kilomita 4.7, ilifunguliwa 1987, ina vituo 13, na mwaka 2024 iliacha kutoza nauli. Inazunguka upande mmoja tu: ukipitwa na kituo, unazunguka tena mpaka ukifikie. Ndiyo sababu wenyeji wengi hawaitumii, kutembea ni haraka zaidi. Kwa mgeni ni kiti kizuri cha kutazamia. Robo saa tu, na kutoka juu mtaona kitu ambacho chini hakionekani vizuri: ni kiasi gani cha mji kimekuwa lami.

Shukeni mtembee. Ingieni ukumbi wa chini wa Guardian Building (1929), vigae vya rangi na dari ya kupakwa mikono, mjue fedha za magari zilikuwa zinafanana na nini. Pandeni hadi Campus Martius, bustani iliyofunguliwa 2004 pale palipokuwa na msongamano wa magari tu. Majira ya baridi hugeuzwa uwanja wa kuteleza kwenye barafu, na humo utakuta watoto. Barabara za 7 Mile na 8 Mile zinahesabiwa kutoka hapo. Kisha Capitol Park, kisha Bagley Street mtazame Michigan Theatre kwa nje.

Kutoka Grand Circus Park pandeni QLine, tramu ya Woodward iliyoanza Mei 2017; nayo haina nauli. Shukeni Warren au Ferry, mwende jumba la sanaa, Detroit Institute of Arts. Wakazi wa kaunti za Wayne, Oakland na Macomb huingia bure kwa kuwa wanalipia kodi yake. Ninyi wa Grand Rapids mtanunua tiketi. Msianze kwa kuzunguka. Nendeni moja kwa moja ukumbi wa Diego Rivera, mchoraji wa Mexico, paneli 27 alizozichora 1932 na 1933 akionyesha kiwanda cha Ford cha River Rouge. Wafanyakazi wamechorwa wakiwa wamebanana bega kwa bega. Baada ya asubuhi ya mitaa mitupu, picha hiyo inaeleza zaidi ya mwongozo wowote.

Malizieni Michigan Central, stesheni ya 1913 yenye ghorofa 18, kilomita mbili hivi magharibi mwa katikati. Treni ya mwisho iliondoka Januari 5, 1988, na kwa miaka 30 ilikuwa gofu lililopigwa picha kuliko majengo mengi yanayofanya kazi. Ford waliinunua 2018 na ikafunguliwa tena Juni 2024. Treni hakuna; kuna ofisi na ukumbi uliorudishiwa mawe yake.

Magofu mengine tazameni kutoka barabarani. Kuingia ni kosa la jinai, na sheria si tatizo kubwa zaidi. Maji yakiingia kwenye zege hugandia ndani, yanatanuka na kuipasua, majira baada ya majira, mpaka sakafu inayoonekana nzima inashindwa kubeba mtu. Vumbi lina asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu.

Jamaa yangu ananishawishi tuchange tununue nyumba Detroit kwa dola 1,000 kupitia mnada wa mtandaoni. Ni utapeli? (Msomaji, Mombasa)

Si lazima utapeli. Detroit Land Bank, taasisi ya umma inayomiliki nyumba na viwanja vilivyorudi kwa jiji, imekuwa ikianzisha minada kwa bei hiyo kweli. Ila nyumba hizo haziko katikati unapopaona kwenye picha. Ziko mitaani, pengine kilomita kumi mbali, na bei ya mnada ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Mnunuzi hufungwa na sharti la kuitengeneza ikalike, kwa kawaida ndani ya miezi 6, la sivyo inarudi kwa wenyewe. Ukiwa Mombasa, nani atasimamia fundi? Nyumba iliyokaa wazi kwa kawaida imeshang'olewa mabomba ya shaba na nyaya, na tanuri la joto halipo. Yaliyobaki yalipasuka kwa barafu majira ya kwanza umeme ulipokatwa. Bomba la maji kutoka barabarani huzikwa zaidi ya mita moja chini kukwepa udongo unaoganda, kwa hiyo kulibadilisha ni kuchimba hasa. Paa, joto, maji na umeme pamoja hufika makumi ya maelfu ya dola kirahisi, na mara nyingi nyumba iliyokamilika inauzwa chini ya gharama hizo. Ndiyo maana hakuna mwenyeji aliyeinunua kabla yako.

Kisha kodi. Michigan, mali ikibadilisha mmiliki, kizuizi cha kupanda kwa thamani ya kodi huondolewa mwaka unaofuata, kwa hiyo usipige hesabu kwa stakabadhi ya muuzaji. Asiyeishi ndani ya nyumba hukosa nafuu ya wakazi, akalipa hadi dola 18 zaidi kwa kila 1,000 ya thamani inayotozwa kodi. Bili ya maji isiyolipwa huongezwa juu ya kodi. Ukiacha kulipa, mwaka wa tatu kaunti inaichukua na kuiuza, na huenda ikamwangukia mwingine aliyeona tangazo lilelile.

Kama ni lazima mnunue, aende mtu aone kwa macho mwezi wa baridi, si Juni. Apande darini, aangalie kama kuna mwanga wa jua unaoingia. Ashuke sakafu ya chini ya ardhi atazame alama ya maji ukutani. Aulize ofisi ya kaunti deni la kodi kwa namba ya kiwanja, si kwa anwani, maana nyumba ya jirani huweza kuwa ilishabomolewa na namba za milango zikachanganywa.